Gemu za stori kwa anayeanza: kuchagua, kucheza na kushauriana bila kumwagiana ubuyu

Aisee tuanze na kitu ambacho wengi hatupendi kukubali. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya PS hapa Arusha, iwe Ngarenaro, Kaloleni au kule Unga Limited, tumecheza San Andreas miaka yote ile na stori yake hatuijui. Ulikuwa unaingia na mia tano yako unapewa nusu saa, unabonyeza chiti za silaha na kifaru, unakimbizana na polisi mpaka muda uishe, chalii wa nyuma yako anakugonga bega toka zamu yangu. Mi nilikuwa nishaanza kazi ndo nikagundua kumbe CJ, yule unayemwendesha, anarudi mjini kwao Los Santos kumzika mama yake, mwaka ni 1992, na kabla hata hajafika nyumbani askari wanamshusha kwenye teksi wanamchukulia hela. Na yule askari mkuu sauti yake ni ya Samuel L. Jackson! Gemu imetoka 2004, nimeishika mkononi miaka yote hiyo, nilikuwa natafuta kifaru tu.

Kwaiyo huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuhamia huku kwenye gemu zenye stori, na pia ni wa sisi tunaoulizwa ulizwa ushauri, maana hapo ndo tunaharibiana zaidi. Gemu ya mpira nikikwambia matokeo ya jana hakuna kilichoharibika, utacheza nyingine kesho. Gemu ya stori ukishajua nani anakufa na nani msaliti, hela yako imeenda, unabaki kubonyeza vitufe.

Hatua ya kwanza: angalia ulichonacho kabla ya unachotaka

Mtu ana PS3 na TV ya chogo afu anataka nimshauri kuhusu Red Dead Redemption 2. Hiyo kwenye PS3 haipo, ilitoka 2018 kwa PS4 na Xbox One, mwaka uliofuata ikaja ya kompyuta. Na hata zile zilizopo, mfano The Last of Us ambayo ilianzia PS3 mwaka 2013, ukiicheza kwenye chogo maandishi ya chini yanakuwa kama sisimizi wamepanga foleni, husomi kitu. Azima TV bapa hata kwa wikiendi moja, au subiri.

Kama una laptop ya kawaida ya chuo isiyo na kadi ya picha ya maana usijione mnyonge, kuna Undertale ya 2015 na To the Moon ya 2011, zote zinaonekana kama gemu za kizamani za vidoti vidoti lakini hiyo ya pili imeshaniliza mimi mzee mzima. Ni madaktari wawili wanaingia kwenye kumbukumbu za mzee anayekaribia kufa, kwasababu mzee anataka kwenda mwezini na yeye mwenyewe hajui kwanini anataka. Masaa manne hivi imeisha. Siongezi neno.

Una simu tu? The Walking Dead ile ya kwanza ya 2012 na Life is Strange ya 2015 zilitoka na za Android, ila hakikisha simu ina nafasi ya kutosha na haichemki kama pasi. Afu kuna Florence ya 2018, hiyo inaisha chini ya saa moja na maneno ni machache sana, ni binti mmoja na mapenzi yake tu, nampendekezea kila mtu anayesema Kiingereza kinampiga chenga.

Wenye PS4, mi nawaambia nunueni diski, hata iliyotumika. Red Dead 2 peke yake inakula GB 100 na ushee, hebu piga hesabu ya bando halafu urudi hapa. Diski ukimaliza unabadilishana na mtu au unaiuza. Lakini FUNGUA KAVA kabla hujatoa hela. Mi nilinunua hiyohiyo Red Dead kwa jamaa mmoja hapa mjini, nimeipeleka kwenye kifodi nimeikumbatia mpaka Sakina, nafungua kava naona diski moja. Zile huja mbili, moja ya kumwagia data na moja ya kuchezea. Ya data haipo. Nampigia jamaa anasema "we jaribu tu itakubali". Haikukubali, na simu akaacha kupokea. Pia uliza diski imetoka nchi gani, kuna za Japani hazina Kiingereza kabisa, utakaa unaangalia watu wanalia hujui wanalilia nini.

Hatua ya pili: piga hesabu ya muda wako kweli kweli

Hii watu wanairuka afu wanaishia kuwa na gemu sita zilizofika nusu. Mimi nilifundishwa na Desemba.

Kwetu ni Machame. Kila mwaka binamu yangu anakuja toka Dar na PS4 yake kwenye begi la nguo, anafika kama tarehe 22 na kuondoka tarehe 2. Mchana haugusi, kuna ibada, kuna kuchinja mbuzi, kuna kuzunguka kwa shangazi wote usije ukaonekana umejidai, kwaiyo ni usiku kuanzia saa nne mpaka mtu mzima mmoja apige kelele zima hiyo kitu. Masaa matatu kwa usiku, siku kumi, jumla masaa 30 kama umeme haujakatika. Sasa mwaka wa kwanza tukaanza Red Dead 2, stori yake ukiifuata tu bila kuzubaa ni kama masaa 50. Tarehe 2 asubuhi binamu kapaki PS na sevu yetu, yani pale tulipofikia, iko humohumo ndani, tuko sura ya 4, tukabaki na maswali mpaka Pasaka nilipopata PS ya kwangu. (Ndo hapo nikaenda kuuziwa kava la diski moja.)

Mwaka uliofuata tulijifunza. Detroit: Become Human, masaa kama 10 hadi 12. Until Dawn, kama tisa. Zikaingia zote mbili na siku mbili za kubishana zikabaki.

Kwaiyo makadirio yangu kwa mtu wa mwendo wa kawaida ni haya: What Remains of Edith Finch jioni moja tu, Firewatch jioni mbili, The Last of Us ya kwanza kama masaa 15, God of War ya 2018 zaidi ya 20, na hizi za dunia kubwa kama The Witcher 3 hesabu miezi. Kama una mtoto mchanga nyumbani au unafanya shifti hotelini, usianze na Witcher tafadhali. Anza na ya jioni mbili, uonje raha ya KUMALIZA.

Hatua ya tatu: dakika kumi za kuweka mambo sawa

Kabla hujabonyeza anza, ingia kwenye mipangilio washa sabutaito na uzikuze herufi kama gemu inaruhusu. Hata kama Kiingereza chako kimenyooka, washa, kwasababu hawa watu wanaongea lafudhi zao, mvua ya Arusha ikianza kupiga kwenye bati hausikii hata risasi. Gemu kubwa hizi bado sijakutana na yenye Kiswahili, kwaiyo kama kuna mtu nyumbani anayesoma haraka mkalishe karibu.

Kuhusu sevu, soma gemu yako inasevu vipi. Zamani PS2 ilikuwa na memori kadi ya MB 8, kibanda kizima kadi moja, unaacha sevu yako jioni asubuhi kuna mtu kaifuta aweke timu yake ya mpira, hakuna pa kushtaki. Siku hizi nyingi zinajisevu zenyewe, utaona kialama kinazunguka kwenye kona ya skrini, kikizunguka USIZIME. Na kwa huku kwetu ambako umeme unaweza kuondoka bila kuaga, jenga tabia ya kusevu mwenyewe kila unapomaliza misheni. Red Dead katikati ya misheni haikubali kusevu, kwaiyo kama wingu limekaa vibaya usianzishe misheni ndefu, nenda kavue samaki. Umeme ukikata PS4 ikiwaka tena itakulaumu kwamba hukuizima vizuri na itaanza kujikagua, iache imalize, usichomoe kwa hasira.

Nyingine ya muhimu: nakili sevu kwenye flashi. PS4 inaruhusu bure kabisa, unaingia kwenye mipangilio ya data zilizosevuwa unachomeka flashi unakopi. Ila sevu inakubali kwa akaunti ileile iliyoitengeneza tu, kwaiyo ile Desemba ya kwanza tungeijua hii, na binamu angeniachia akaunti yake, nisingeanza upya. PS5 kwa gemu zake yenyewe hairuhusu flashi, hapo pole.

Hatua ya nne: vumilia mwanzo

Gemu za stori nyingi zinaanza pole pole kwa makusudi. Red Dead 2 inakuweka kwenye theluji, mwaka 1899, genge limekimbia, farasi wanazama mpaka magotini, kila mtu anatetemeka, na unatembea tu. Watu kibao wameniambia "kaka hii gemu inaboa" na nikiwauliza mmefika wapi wanasema bado theluji. Toka kwanza kwenye theluji! Sura ya 2 ndo unapewa dunia, unapewa kambi, unaweza kukaa jioni ukawasikiliza watu wanaongea kwenye moto, na hapo ndo stori inapojengwa, unawazoea mmoja mmoja bila kujua kwanini gemu inataka uwazoee.

Sheria yangu ni masaa mawili kwa gemu fupi na matano kwa gemu ndefu. Zikipita na moyo haujashtuka hata kidogo, acha, peleka diski kwa mwenzako, hakuna mtihani hapa. Ila masaa hayo usiruke vipande vya muvi. Najua kidole kimezoea kubonyeza X haraka haraka, mkalie.

Hatua ya tano: ukiamua, ishi nalo

Hapa ndo utamu ulipo kwaiyo nitakaa kidogo.

Kuna gemu ambazo stori inabadilika kwa unachochagua. The Walking Dead unaanza ukiwa Lee, umefungwa pingu nyuma ya gari la polisi unapelekwa jela, na muda si mrefu dunia imeharibika na una mtoto wa kike wa watu, Clementine, umemshika mkono. Mtu akikuuliza swali yanatokea majibu kama manne na mstari wa muda unapungua, na kukaa kimya nalo ni jibu. Mwanzoni tu unafika shambani kwa mzee mmoja anakuuliza we ni nani na ulikuwa unaenda wapi. Binamu yangu akadanganya. Mzee akamkata jicho, akamwonyesha wazi kwamba kamshtukia, chumba kizima kikawa kimya kama tumekamatwa sisi. Na mara nyingine skrini inakuandikia kabisa kwamba Clementine atalikumbuka hilo ulilosema. Mtoto anakusikiliza! Kuanzia hapo binamu akaanza kuongea kwa adabu mbele ya mtoto wa kwenye TV kuliko anavyoongea mbele ya mama mdogo.

Detroit nayo, mwaka ni 2038, unaanza ukiwa roboti mpelelezi anaitwa Connor, unatoka kwenye lifti unaingia nyumba ambayo mtoto ameshikwa mateka kule nje ghorofani. Haraka hiyo. Sasa pale mlangoni tu tangi la samaki limepasuka na kuna samaki mmoja sakafuni anatapatapa. Gemu haikulazimishi chochote. Unaweza kumrudisha majini, unaweza kumpita. Tulikuwa watu watano chumbani na tukapitisha pedi mmoja mmoja, kila mtu aanze upya sehemu hiyo: watatu walimwokoa, mmoja hakumwona kabisa, na mmoja (jina lake nalihifadhi ila ni mlinzi wa benki) alisimama akamwangalia, akasema "kazi kwanza", akapita. Bado tunamwita Kazi Kwanza.

Ushauri wangu: mara ya kwanza usirudie uamuzi. Umekosea, mtu kafa, endelea. Heavy Rain ya 2010 imetengenezwa hivyo kabisa, una wahusika wanne na akifa mmoja stori haisimami, inasonga bila yeye. Until Dawn ndo haina hata mjadala, vijana wanane mlimani usiku, inajisevu yenyewe papo hapo na hairudi nyuma. Na Detroit kila sura ikiisha inakuonyesha ramani ya matawi, njia ulizopita na zile ulizokosa zimefungwa, usianze kuchimba chimba pale kama mtu anakagua risiti. Maliza kwanza stori YAKO. Ukitaka kujua ingekuwaje, rudi mara ya pili.

Tahadhari ndogo ya Until Dawn: kuna sehemu unatakiwa kushika pedi bila kuitikisa hata kidogo, mhusika kajificha, ukitikisika umekwisha. Pedi iliyochoka au iliyofunguliwa na fundi mara tatu inaweza kukuulia mtu bila kosa lako. Sisi tulikuwa tunaiweka juu ya mto wa kitanda na hakuna ruhusa ya kupumua. Azima pedi nzima kwa ajili ya gemu hii, ni kweli kabisa sitanii.

Hatua ya sita: mkiwa wengi na pedi moja

Kwa uzoefu wangu gemu hizi ni tamu zaidi mkiwa watatu wanne. Gawaneni kazi. Mmoja ashike pedi, na anayeshika pedi kwenye mapigano si lazima awe ndo anayeamua kwenye majibu, sisi majibu tunapiga kura kwa kunyoosha mkono, na mstari wa muda ukiisha kabla hamjakubaliana basi mmenyamaza, mtabeba wote.

Mwenye Kiingereza ndo awe mtafsiri. Kwetu ni mdogo wangu wa kike, pedi haitaki hata kuigusa, ila anatafsiri kama enzi za Lufufu kwenye vibanda vya video, anaongeza na chumvi yake. Wale wahuni wa kwenye Red Dead kwake wote wanaongea kama makonda wa Stendi Ndogo. Kuna tajiri mmoja mle ndani mpaka leo namjua kwa jina la "mangi" kwasababu mdogo wangu aliamua hivyo.

Na wazee msiwafukuze. Usiku mmoja bibi alikuja na shuka lake akakaa, tukajua tunazimishiwa. Akaangalia Arthur, yule tunayemcheza kwenye Red Dead, anapita mtoni, anapanda matope, dakika kumi kimya. Afu akasema, "huyo farasi mchafu, bwana wake hana huruma." Na kweli kwenye ile gemu farasi anachafuka, inabidi umsugue kwa brashi na umlishe, na sisi siku tatu hatukuwahi hata siku moja. Binamu akashuka akamsugua pale pale bibi akisimamia. Kila usiku baada ya hapo swali lake la kwanza lilikuwa farasi kala? Na cha ajabu farasi ukimtunza anakuzoea na anakutii zaidi, yani bibi alituchezea gemu vizuri kuliko sisi.

Anayejua mwisho akae nje. Au akae ndani kwa kiapo. Kuna aina ya mtu hasemi kitu ila anaguna, tukio likikaribia anaanza "mmh" na kucheka pembeni, huyo ni mbaya kuliko anayesema.

Hatua ya saba: umekwama, omba msaada kwa akili

Ukikwama kwenye fumbo au bosi, yani adui mkubwa wa sehemu hiyo, usifungue video ndefu ya mtu anayecheza, maana pembeni zinakuja picha za video nyingine na kichwa cha habari kinakwambia nani kafa. Muulize mtu aliyemaliza, na uulize kidogo kidogo: kwanza "niko sehemu sahihi?", kama bado "natafuta kitu gani?", mwisho kabisa ndo "nifanyeje?". Mara nyingi lile la kwanza tu linatosha.

Na shusha ugumu. Kwa gemu ya stori kuweka rahisi si aibu hata kidogo, God of War ina daraja la chini kabisa ambalo limewekwa kwa ajili ya watu wanaotaka stori tu. Machalii watakucheka, waache wacheke, wao wamekwama kwa bosi wa kwanza mwezi wa pili huu.

Hatua ya nane: ukiulizwa wewe

Sasa hapa naomba tusikilizane. Mtu akikuuliza "nipe gemu kali" usimpe jina. Muulize vitu vitatu: unachezea nini, una muda gani, na muvi gani au tamthilia gani uliwahi kuisimulia watu wiki nzima. Hilo la tatu ndo lenyewe. Mtu wa tamthilia za mapenzi na siri za shule mpe Life is Strange, binti anaweza kurudisha muda nyuma kidogo na anadhani hiyo ni bahati. Mtu wa muvi za kutisha, Until Dawn. Mzee baba aliyepata mtoto wa kiume karibuni mpe God of War ya 2018, Kratos na Atreus, baba hajui aongee nini na mwanae, atakuja kukushukuru macho mekundu. Mtu anayependa kusoma na kubishana mpe Disco Elysium ya 2019, askari kaamka hotelini hajui hata jina lake, ila mwambie mapema kwamba ni kusoma kusoma kusoma, yale maneno yanapita milioni moja.

Umeona nilichofanya hapo juu? Kila gemu nimesema inavyoanza tu. Mi naiita sheria ya nusu saa: kwenye kumshauri mtu unaruhusiwa kutaja yaliyomo ndani ya nusu saa ya kwanza, zaidi ya hapo funga mdomo. Hata sifa zinaharibu. "Subiri uone mwisho", umeshamwambia kuna kitu mwishoni. "Usimwamini huyo mzee", umeshamaliza kila kitu. Mimi kuna tukio moja la Final Fantasy VII ya 1997 nililimwagiwa na mtu kwenye foleni ya chipsi kabla sijaigusa gemu, nimecheza masaa yote yale namwangalia mhusika mmoja kama jirani niliyeambiwa ugonjwa wake kabla yake. Usidhani gemu ikizeeka ubuyu wake unakuwa halali, kuna chalii kule Pasua au Majengo ndo anaianza leo.

Mwambie na mabaya pia. Kama inaanza taratibu, mwambie. Kama kuna damu nyingi au mambo ya kujiua au watoto kuumizwa, mwambie kabla, kwa sauti ya chini, bila kusema wapi. Watu wanabeba mambo yao.

Hatua ya tisa: umemaliza

Acha majina yapite. Usichukue simu. Mkiwa wengi, mpeni aliyeshika pedi dakika zake.

Afu bishaneni, ndo raha yenyewe, ila mbishane kwa mifano. "Mbovu" peke yake sipokei, nataka uniambie ni wapi ilikupoteza. The Last of Us Part II ya 2020 imegawa watu mpaka leo, kuna wanaoiona bora kuliko ya kwanza na kuna ambao hawataki kuisikia, na nimegundua wote wawili ukiwachimba wanataja sehemu ileile moja, tofauti ni kwamba mmoja pale alikasirika akaacha na mwingine alikasirika akaendelea. Mimi niko kundi la pili, na sehemu yenyewe siitaji kwasababu sheria ya nusu saa inanihusu na mimi. Mass Effect 3 nayo ilipotoka 2012 wachezaji walilalamikia mwisho wake mpaka watengenezaji wakatoa nyongeza ya bure mwaka huohuo kuufafanua, kwaiyo msione kubishana ni upuuzi, kuna siku wenye gemu wanasikia.

Ukishatulia, pitisha diski. Red Dead yangu (diski MBILI, niliitafuta upya nikapata kamili) sasa hivi iko kwa jamaa yangu mmoja Njiro, yuko sura ya 3, anapenda sana kuwinda, haendi mbele. Jana tumekutana karibu na Mnara wa Saa akaanza "kaka kuna huyu mtu kambini simwelewi elewi, hivi huyu..." nikamkata hapo hapo nikamuuliza farasi wake kala.